Nilimwambia mke wangu "uamuzi ni wako", sasa hatuongei

Baba Wawili (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi utakuwa mrefu, asiye na muda apite tu, sitamlaumu.

Mimi na mke wangu tuna watoto wawili. Wa kwanza anasoma, wa pili ana miezi minane na bado ananyonya. Huyu wa pili alizaliwa kwa upasuaji na mama yake alitoka damu nyingi mpaka akaongezewa. Mimi siku ile nilikuwa nimesimama koridoni na mfuko wa nguo za mtoto mkononi, kila anayepita natamani kumkabidhi, hakuna anayesimama. Tulivyorudi nyumbani hatukuhitaji kikao. Tulijua tunapumzika. Miaka mitatu, minne, halafu tuone, kama kutakuwa na cha kuona.

Alhamisi iliyopita nimerudi kazini nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto kalala mapajani, taa haijawashwa na giza limeshaingia. Kipimo kiko juu ya stuli. Mistari miwili. Hakusema kitu, akakisogeza kwa kidole kuja upande wangu.

Kabla hamjauliza: ndiyo, tulikuwa tunajilinda, au tulidhani tunajilinda. Kliniki walituambia mama anayenyonyesha hashiki mimba kama hedhi haijarudi. Yake haijarudi hadi leo. Tukaona mlango umefungwa, tukalala usingizi.

Sasa kilichonileta hapa si mimba yenyewe, ni nilichosema. Nilikaa pembeni yake. Kichwani mambo yanapishana: ule mfuko wa nguo, kazi anayotakiwa kuanza mwezi ujao baada ya kuisubiri karibu mwaka mzima, huyu mdogo ambaye hata kukaa bado anayumba. Mdomoni likatoka hili: "Uamuzi ni wako. Lolote utakaloamua, mimi niko nyuma yako."

Nilijiona nimesema neno la kiungwana. Tena nilijipongeza kimoyomoyo, nikasema wanaume wangapi wangefoka hapa. Akaniangalia. Akasema, "Nyuma yangu?" Akanyanyuka kwenda kumlaza mtoto.

Tangu siku hiyo tunaongea habari za sare za shule na nani kafunga geti. Usiku anageukia ukutani. Jana nikamuuliza kosa langu ni lipi, akanijibu bila hata kupandisha sauti: "Tulilala wawili, naamua mmoja. Nikizaa, siku moja utasema mimi ndiye niliyemtaka. Nikitoa, utasema mimi ndiye niliyetoa. Wewe umeshapata pa kusimama."

Sitaki mahubiri, na anayetaka kuniambia nimwache mke asijisumbue. Swali langu ni moja. Mwanamume akae wapi kwenye jambo hili? Nikisema namtaka mtoto, naupangia mwili usio wangu. Nikisema simtaki, namsukuma pabaya. Nikinyamaza, ndiyo haya.

Kobe Mwendo

Nimeweka kiti. Wenye uzoefu tunawasubiri.

Ndago

Mkuu mbona unatafuta tatizo pasipo na tatizo? Anayebeba ndiye anayeamua, dunia nzima siku hizi wanaimba hivyo. Ulichosema ni sahihi kabisa. Hizo ni homoni, mpe wiki mbili zitatulia.

Mama wa Pacha

Ndago, homoni zako ziweke pembeni kidogo, nitazirudia.

Baba Wawili, mimi niliambiwa maneno hayo hayo miaka sita iliyopita, karibu neno kwa neno. Na kama mke wako nilijua yametoka kwa mtu asiye na ubaya. Ndiyo maana yanauma, kwa sababu huna hata pa kukasirikia. Mtu akikufokea unajua unapigana na nani. Mtu akikuambia "lolote utakaloamua" anakuwa ameshavaa viatu, yuko mlangoni, anakusubiri umwambie twende wapi.

Nililala nikiamka wiki tatu peke yangu kichwani. Mume wangu alikuwa ananiletea chai, ananiuliza kama nimeamua. Kama nimeamua! Utadhani nachagua rangi ya pazia. Mwishowe nikasema nazaa, akasema sawa. Ile mimba niliyoachiwa niamue ikatoka watoto wawili (jina langu hapa limetokana na hapo, wengi mlidhani naringa).

Miaka ikaenda. Siku moja tumegombana juu ya pesa, jambo la kipuuzi kabisa, likamtoka: "Si wewe uliyetaka kuzaa?" Aliomba msamaha dakika ile ile, na namwamini alijuta. Lakini nikajua kumbe lile neno alilinunua siku ile ya kwanza akaliweka kabatini. Mke wako ameliona kabati kabla halijajaa. Mimi sikuwa na akili hiyo.

Sasa jibu la swali lako. Kuamua ni kitu kimoja, kusema kilicho moyoni mwako ni kitu kingine. Huyo mama hakukuomba kura, amekuuliza unaona nini, unaogopa nini. Mwambie. Mwambie hata kama ni aibu, hata kama linapingana na ulilosema dakika mbili zilizopita. Neno la mwisho libaki kwake kwa sababu kisu kitapita kwake na damu itatoka kwake, hilo halina mjadala. Ila huwezi kumpa mtu neno la mwisho wakati hujampa hata neno la kwanza.

Ndago: mwanamke akilia ni homoni, akinyamaza ni homoni. Mwanaume akiogopa yeye huwa ni nini?

Ndago

Mimi nimetoa maoni tu dada, usinipandie.

Mkunga Mstaafu

Shikamoo zenu nimezipokea, hata wale ambao hamjaamkia.

Mleta uzi, mambo ya moyo umejibiwa vizuri na Mama wa Pacha, mimi niseme ya mwili, maana naona mnabishana juu ya uamuzi ambao nusu ya habari zake hamna.

Kwanza hilo la kunyonyesha. Hamkudanganywa, mliambiwa theluthi moja. Kunyonyesha kunazuia mimba vizuri sana kama masharti matatu yapo kwa pamoja: mtoto hajafika miezi sita, anapata ziwa tupu mchana na usiku bila kupitisha saa nyingi, na hedhi haijarudi. Likianguka moja, ulinzi umeondoka. Mtoto wenu ana miezi minane, bila shaka mmeshamwanzishia vyakula vya kulikiza, labda na usiku ameanza kulala moja kwa moja. Hedhi peke yake si mlinzi, kwa sababu yai hutoka kabla ya damu ya kwanza kuonekana. Mama anaweza kupata mimba, akabeba, akazaa, bila kuiona hedhi hata mara moja katikati. Nimewapokea wengi wa namna hiyo na wote walianza na sentensi ile ile, "lakini nanyonyesha".

Hapo hapo kuna shida nyingine. Wiki za mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Yeye hana hedhi ya mwisho. Kipimo cha mkojo kinasema ipo, hakisemi ina umri gani. Kwa hiyo mnaweza kudhani mna wiki tano kumbe ni kumi na mbili. Mpeleke akapigwe ultrasaundi, na mapema ni bora, kwa sababu ikishavuka wiki ya 14 makadirio ya umri yanaanza kulegea. Mkitaka kuzaa mnahitaji kujua wiki. Mkitaka vinginevyo ndiyo mnahitaji zaidi.

Na kwa mama aliyepasuliwa, kipimo hicho kina kazi ya ziada: kuangalia mimba imekaa wapi. Mara chache hujishikiza kwenye kovu, na mara nyingine hukaa kwenye mirija nje ya kizazi. Akipata maumivu makali upande mmoja wa tumbo, damu, kizunguzungu au maumivu ya ncha ya bega, msisubiri siku ya miadi. Ni siku hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku.

Kuhusu nafasi kati ya watoto sitapaka sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 ipite baada ya kuzaa kabla ya kushika mimba nyingine. Na kwa aliyepasuliwa, kuzaa na kuzaa vikiwa chini ya miezi 18, hatari ya kovu kuachia wakati wa uchungu inaongezeka. Simaanishi atakufa. Wapo wengi waliovuka salama. Maana yake ni kwamba mimba hii haitazaliwa popote tu. Itahitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongeza, daktari aliyesoma kilichotokea mara ya kwanza, na wingi wa damu yake upimwe tangu sasa, kwa sababu mwanamke aliyepoteza damu nyingi miezi minane iliyopita huenda hajazirudisha zote. Wakati mnafikiria, aanze asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe, wengi wakiwa bado hawajajua, kwa hiyo hatuchelewi zaidi ya tulivyochelewa.

Mkielekea upande wa kutoa, jambo la kwanza ni sheria ya mahali mlipo. Ziko nchi zinazoruhusu mwenyewe akiomba mpaka wiki fulani, ziko zinazoruhusu tu maisha au afya ya mama ikiwa hatarini, na ziko ambazo karibu zimefunga kabisa. Historia ya mkeo ni ya kumwambia daktari wazi, isisimuliwe kwa kunong'ona kwa mtu wa dirishani. Shirika hilo hilo linasema ikifanywa kwa njia inayostahili na mtu mwenye ujuzi ni salama, lakini karibu asilimia 45 ya zote zinazofanyika duniani si salama. Hizo asilimia ndizo nilizokuwa naziona mimi zamu za usiku. Sitasimulia. Niseme tu, kama mtu ameshafanya popote alikofanya na ana homa au anatoka damu isiyokata, aje hospitali, kuulizwa maswali ni baadaye.

Kobe Mwendo

Mkunga, mimi mke wangu ananyonyesha mtoto wa miezi saba. Naomba nitoke kwenye uzi kidogo.

Mkunga Mstaafu

Kimbia.

Jirani wa Mto

Naongeza moja. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, uliofuatilia wanawake karibu 1,000 kwa miaka mitano. Wote walifika kliniki wakitaka kutoa mimba. Wengine walihudumiwa, wengine wakarudishwa kwa kuwa wiki zilikuwa zimepita kikomo. Waliohudumiwa, baada ya miaka mitano zaidi ya asilimia 95 walisema ulikuwa uamuzi sahihi kwao. Watu huishia hapo. Lakini angalia waliorudishwa: wiki moja baadaye asilimia 65 bado walitamani wangepata huduma ile, na baada ya miaka mitano ni kama asilimia 4 tu. Kwa hiyo upande wowote mkeo akisimama, kuna uwezekano mkubwa moyo utakuja kukaa. Hilo mimi linanipunguzia presha.

Mama wa Pacha

Moyo kukaa sawa. Hao waliorudishwa waliulizwa na kuhusu pesa?

Jirani wa Mto

Waliulizwa. Waliorudishwa walibana zaidi, na kwa miaka. Nilipaswa kuliweka hilo juu. Kumpenda mtoto na kuwa na uwezo wa kumlea ni mistari miwili tofauti, na utafiti ule uliipima yote.

Wa Mwisho Kuzaliwa

Kila uzi kama huu lazima aje mtu aseme "mimi sikupangwa na nitazameni leo". Mimi sikupangwa na sitasema hivyo. Mama yangu aliniambia nikiwa na miaka ishirini, tunaanika nguo, kwamba nilipoingia tumboni alilia siku nne. Nilimshukuru kwa kuniambia kuliko ambavyo ningemshukuru kwa kunificha. Kinachonikera ni watu kunitumia kama ushahidi mahakamani dhidi ya mwanamke wasiyemjua.

Upande wangu naamini uhai unaanza pale pale, na ningekuwa mimi ningezaa. Hiyo ni imani yangu na tumbo ni langu. Mleta uzi, kama na wewe unaamini hivyo na umekuwa ukificha nyuma ya "uamuzi ni wako", mke wako atakuwa amelinusa.

Baba Wawili (mleta uzi)

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Wa Mwisho Kuzaliwa umenigonga, ila si pale ulipolenga.

Juzi usiku watoto wamelala nikamwambia nataka kusema kitu na sijui kitaishia wapi. Nilikuwa nimejipanga, nina hoja za kazi yake, za chumba, za ada. Nikafungua mdomo nikasema, "Naogopa utakufa."

Ndipo ukaja ule mfuko wa nguo. Nilimweleza koridoni kulivyokuwa. Muuguzi alitoka mbio mara mbili na hakuna aliyenitazama usoni, nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu, na nilipofika mia moja na kitu nikaanza kupanga namna ya kumwambia mkubwa kwamba mama hatarudi. Miezi minane sijawahi kumwambia mtu. Hata hapa juu niliandika kama kichekesho.

Alinyamaza muda mrefu nikadhani nimeharibu tena. Kisha akasema, "Nilidhani umesahau." Kumbe na yeye ana ya kwake ya siku ile: dari alilokuwa analitazama, baridi, sauti ya mtu anaomba chupa nyingine ya damu. Watu walikuja nyumbani wakamwangalia mtoto, wakasema hongera, wakaondoka. Hakuna aliyemuuliza. Na mimi nikiwa mmoja wao. Tuliongea mpaka mdogo akaamka kunyonya, na suala la mimba hii hatukuligusa kabisa.

Jana tukaenda kupima. Wiki tisa na siku tatu. Imekaa ndani ya kizazi, mbali na kovu. Mkunga, hesabu yako ni kweli, mtoto alikuwa ameshapita miezi sita kwa siku chache tu. Damu yake iko chini kidogo, amepewa vidonge vya madini ya chuma. Daktari alisoma karatasi za mara ya kwanza mstari kwa mstari, akatuambia njia zote mbili zina mlango na kila mlango una hatari zake, akazitaja bila kutuharakisha. Nilimuuliza maswali yangu mwenyewe. Mke wangu aliniambia kwenye gari kwamba hilo alilisikia.

Ndago

Mkuu nimesoma hiyo ya vigae nimenyamaza kidogo. Pole. Kwa hiyo?

Baba Wawili (mleta uzi)

Wakuu, narudi kufunga. Imepita wiki.

Tumeamua. Ni nini, tumekubaliana ibaki ndani ya nyumba, na naomba wanaonitumia ujumbe wa faragha kuuliza waache. Anaanza kazi tarehe ile ile, hilo naweza kusema. Nilipomwonyesha nilichoandika kabla ya kutuma, nilikuwa nimeandika "ameamua". Akachukua simu, akafuta mwanzo wa neno, akaandika "tu".

Mkunga, swali la mwisho. Hatutaki tena kulala kwa kutegemea bahati, na yeye mwili wake umefanya kazi ya kutosha. Nimekuwa nasoma habari za mwanamume kufunga mirija. Nataka kujua ukweli wake kabla sijaenda kuonana na daktari.

Mkunga Mstaafu

Hapo sasa unaongea. Hukatwi chochote unachokiwazia. Ni mirija miwili midogo inayopitisha mbegu, inafungwa kwa ganzi ya hapo hapo, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nguvu zako, hamu yako na majimaji yako vinabaki, mbegu ndizo hazimo. Wanaume wengi wanakosea hapa: hailindi siku hiyo hiyo. Mbegu zilizokwisha kupita bado ziko njiani, kwa hiyo mtatumia kinga nyingine kama miezi mitatu, kisha unarudi kupimwa mpaka uambiwe hakuna kitu. Usiporudi kupimwa utakuja kufungua uzi mwingine hapa. Na ichukulie kuwa ni ya kudumu. Kurudisha kunajaribiwa, lakini hakuna wa kukuahidi. Kama moyoni kuna hata kipande kinachosema labda, basi subirini, kuna vipandikizi na kitanzi ambavyo vinakaa miaka na vinatolewa mkitaka.

Kobe Mwendo

Nimerudi. Tumepima. Hakuna kitu. Kesho asubuhi tuko kliniki.

Ndago

Mkunga samahani, namuulizia rafiki yangu. Hiyo ya mirija inachukua muda gani, na inauma?

Mkunga Mstaafu

Mwambie rafiki yako ni kama nusu saa, sindano ya ganzi ndiyo ataisikia. Aje na chupi ya kubana, na asibebe mizigo siku chache.

Ndago

Nitamwambia.